Mke Halali

Kila mwaka huwaandikia wanafunzi wangu wa S.2, yaani kidato cha pili, neno "halali" ubaoni na kuwauliza maana yake. Mmoja husema ni kitu kilichoruhusiwa na dini. Mwingine, hasa aliyekulia karibu na kambi ya jeshi hapa Bombo, Uganda, husema: "Mwalimu, ni mtu asiyepata usingizi." Wote wawili huwapa alama. Mimi nilioa mke halali mwaka 2010, mbele ya sheikh na mashahidi, na mwaka 2014 nikawa na mke halali kwa maana ile ya pili. Tangu hapo naishi na maana zote mbili chini ya bati moja.

Nakuandikia wewe unayeishi na mwenzi mwenye ugonjwa wa akili, kama mimi, na mke wangu mwenyewe ameyasoma haya kabla yako. Alifuta aya mbili, akaongeza sentensi moja ambayo sitakuonyesha ni ipi.

Ulikuwa usiku wa kumi na moja tangu ajifungue mtoto wetu wa pili. Niliamka saa tisa usiku nikakuta upande wake wa kitanda ni mtupu. Uani taa ilikuwa inawaka. Alikuwa ameanika nguo zote za nyumba hii, safi kwa chafu, na mapazia, na miswala, na bado alikuwa anafua. Kichanga kilikuwa kimelazwa ndani ya beseni kavu pembeni yake. Aliponiona alitabasamu kama mtu aliyekuwa akinisubiri. Akaniambia mtoto amezungumza naye, kwamba wageni wanakuja na nyumba isikutwe na doa. Nikamwambia, "Mama watoto, njoo ulale." Akanijibu, "Kulala ni kwa watu ambao hawajaitwa."

Sentensi hiyo ilipaswa kunipeleka hospitali usiku uleule. Ilinichukua siku ishirini na tatu.

Siku hizo zilipotea kwa swali moja tu: nani? Mke wangu ni Muganda, wa kabila la Baganda. Kwao, mama akichanganyikiwa akiwa na kichanga, jina la ugonjwa liko tayari: amakiro. Wanaamini kwamba mmoja wa wazazi alitoka nje ya ndoa wakati wa mimba, ndiyo maana mama amepata wazimu na anaweza hata kumdhuru mtoto wake. Kwa hiyo ugonjwa unaingia nyumbani ukiwa umeshika hati ya mashtaka. Ssenga wake, yaani shangazi yake, alifika na kikapu cha mitishamba, akamketisha chumbani na kumwambia ataje jina la mwanamume, maana asipotaja hatapona. Akataja. Kwanza alimtaja imamu wetu, kisha mtangazaji wa redio, kisha rais wa nchi ambayo hajawahi kuikanyaga. Ssenga akatoka akasema anaficha. Baadaye wakanigeukia mimi, niseme nilikuwa nalala wapi wakati wa mimba. Nilikuwa nalala nyumbani nikisahihisha mitihani, lakini jibu kama hilo halimridhishi mtu aliyekuja kutafuta mzinzi.

Upande wangu, Wanubi wa Bombo, hapakuwa na amakiro, palikuwa na jini. Yakaja maji ya kombe, ubani, na visomo. Sidharau kisomo. Hata mimi moyo wangu ulitulia kwa kisomo siku ambazo hakuna kingine kilichoutuliza. Lakini msomaji alikuwa anaingia baada ya Isha na kuondoka karibu na alfajiri, usiku saba mfululizo. Mtu ambaye maradhi yanamla usingizi alinyimwa hata ule kidogo uliobaki. Kila usiku akawa mbaya zaidi, na kila ubaya ukahesabiwa kuwa jini anakasirika.

Mwishowe wajomba walimfunga kwa ile kamba ya katani tunayofungia mbuzi wa Idi. Mimi nilishika miguu. Sikulazimishwa na mtu. Alama moja bado iko kwenye kifundo cha mkono wake wa kushoto, anaivalia bangili.

Aliyetutoa hapo ni jirani, mkunga mstaafu, mama mtu mzima ambaye hata hatukuwa tunasalimiana vizuri kwa sababu ya ugomvi wa kuku. Alisimama mlangoni akasema, "Mwalimu, huyu ni mgonjwa wa hospitali. Na mtoto asiachwe naye peke yake, hata ukienda kuchota maji." Baadaye nilijifunza kwamba hali hii ya kuchanganyikiwa baada ya kujifungua huwapata kinamama 1 au 2 katika kila 1,000 wanaojifungua, kwamba mara nyingi hujitokeza ndani ya wiki mbili za mwanzo, na kwamba ni dharura sawa na kutoka damu. Ukiona mzazi halali hata mtoto akiwa amelala, anaongea haraka, anasikia au kuona vitu ambavyo nyinyi hamvioni, usiite kikao cha ukoo. Mpeleke. Mtoto mkabidhi bibi au jirani mwenye akili timamu.

Tulikwenda Butabika. Kwa msioijua: ni hospitali ya taifa ya rufaa ya magonjwa ya akili, iko mashariki mwa Kampala upande wa ziwa, na ilifunguliwa mwaka 1955. Lakini kwa watu wengi nchini jina hilo ni tusi kwanza, hospitali baadaye. Ukimchukia mwenzako stejini unamwambia wodi yake inamsubiri Butabika. Konda alipouliza tunashukia wapi nilitaja steji iliyotangulia, tukatembea juani, mke wangu akiimba, dada yake amemshika mkono, mimi nikitazama chini kama mwizi.

Pale muuguzi aliniuliza swali ambalo siku zote zile hakuna aliyeniuliza. Hakuuliza nani. Aliuliza, "Alianza lini kukosa usingizi?" Nikakaa kimya. Sikujua. Najua mahudhurio ya wanafunzi sitini, nani alikosa Jumatatu na nani alichelewa Alhamisi, lakini sikuwa najua mke wangu alilala masaa mangapi wiki iliyopita.

Niliporudi nyumbani nilichukua daftari la mistari, lile la kurasa 96, nikachora jedwali kama rejista. Tarehe. Alilala lini. Aliamka lini. Dawa. Hadi leo tuko kwenye daftari la tisa, na kama ungeniambia nichague ushauri mmoja tu wa kukupa, ungekuwa huo. Ugonjwa wenyewe, walituambia, ni baipola: kuna majira ya kupanda na majira ya kushuka, na katikati kuna vipindi virefu ambavyo mtu yuko sawa kabisa. Hayuko peke yake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 40 duniani walikuwa nao. Kwa wagonjwa wengi wa aina hii, usingizi ndio unaotangulia. Unapungua kabla maneno hayajaharibika, kabla pesa haijaanza kutoka. Ukiwa na daftari unaona wingu likiwa bado upande wa Luweero. Usipokuwa nalo unashtukia umelowa.

Lakini kuandika ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuulinda huo usingizi, na hapo ndipo utagombana na nusu ya ukoo. Kwetu msiba ni usiku. Mtu akifa, kinamama wanakesha, na asiyekesha hana utu. Mke wangu huenda msibani saa nne asubuhi, anapika, analia na wenzake, magharibi ikiingia namrudisha nyumbani kwa boda. Walisema sana. Walisema amejifanya mzungu, na kwamba mimi nimetawaliwa. Acha waseme. Kesha mbili za matanga mwaka 2016 zilitugharimu wiki sita wodini, na waliosema hawakuja kumwona.

Ramadhani ni mtihani wake mwenyewe. Daku inakata usingizi katikati, tarawehe zinausogeza mbele, na mchana mtu hanywi maji. Yeye anapenda kufunga kuliko mimi. Tulibishana miaka miwili, hadi daktari mmoja Mwislamu alipomsomea aya ya 184 ya Surat Al-Baqara, kwamba mgonjwa ana ruhusa yake, na kwamba ruhusa hiyo si ya kuonewa aibu. Sasa tunatoa fidia, tunamlisha maskini, na yeye ndiye anayepika futari ya nyumba nzima. Daku naamka peke yangu na watoto. Tunakula viporo vya muhogo kwa kunong'ona.

Nije kwenye kupanda, maana hapa ndipo niliposhindwa mara nyingi, na sijaona watu wakilisema jambo hili wazi: mwanzo wa kupanda ni mtamu. Mke wangu kwa kawaida ni mtu wa maneno machache. Akianza kupanda anaimba jikoni, anapika samaki wa nazi ambao hajapika mwaka mzima, ananitania, ananiita "Mwalimu" kwa sauti ile aliyoniitia tulipokuwa wachumba. Daftari linasema amelala masaa manne. Mimi nasema, ah, amefurahi tu, mwache. Nilimwacha mara tatu. Sikumwacha kwa kutojua. Nilimwacha kwa sababu nilikuwa namkumbuka yule msichana na nilitaka akae kidogo.

Mara ya tatu ilikuwa mwaka 2018. Usiku wa tano alikuwa amezungumza kwa simu na watu kumi na saba, nilihesabu baadaye. Asubuhi akatoa shilingi 1,800,000 za kikundi chao cha kuweka akiba, yeye akiwa mtunza hazina, akanunua viti vya plastiki na turubai ili aanze biashara ya kukodisha kwa harusi. Wazo si baya, ukilisikiliza. Ubaya ni kwamba alinunua viti mia moja kabla hajajua vitalala wapi. Vililala kwenye chumba cha watoto. Kinamama wa kikundi walikuja mlangoni na mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, na mimi nikakopa mkopo wa mshahara kuwalipa. Nililipa hadi mwaka 2020.

Baada ya hapo, alipotulia kabisa, tulikaa jioni moja tukaandika karatasi. Hili nalisisitiza: ni wakati ametulia, na ni yeye aliyeandika. Mimi nilikuwa karani. Karatasi inasema nikiona chini ya masaa matano usiku mbili mfululizo, nina ruhusa ya kumpigia klinikal ofisa wetu, yaani tabibu anayemhudumia, bila kumwomba mke wangu tena. Inasema atampa dada yake laini ya simu yenye pesa hadi alale vizuri wiki moja. Alijiuzulu utunza hazina mwenyewe. Inataja hospitali anayotaka kupelekwa na ile asiyotaka. Inasema hakuna kamba. Sentensi ya kamba aliipigia mistari miwili.

Halafu akaniambia, "Sasa zamu yako." Nikadhani anatania. Akanisomea masharti yangu. La kwanza: nisimuulize "umemeza dawa?" kila anapokasirika. Alisema, "Hasira yangu nyingine ni yangu, na nyingine umenipa wewe. Si kila kitu ni ugonjwa." Nilikuwa nimeifanya silaha bila kujua. Tukibishana juu ya ada, au mama yangu, au bei ya mkaa, nikishindwa hoja nachomoa swali la dawa, na mazungumzo yanakufa hapo. Jaribu kuwaza mtu anakuangalia hivyo kila ukiinua sauti. Sasa dawa ina saa yake maalumu, saa tatu usiku, na baada ya hapo siulizi.

La pili lilihusu uji. Huko nyuma, aliposema vidonge vinamnenepesha na kumtetemesha mikono, nilikuwa nasaga na kumwekea kwenye uji wa mtama. Niliambiwa na watu wazima kwamba ni hekima. Aligundua kwa ladha ya uchungu. Kwa miezi minne hakula chakula alichopikiwa na mtu mwingine, hata kwa mama yake, na mtu ambaye tayari wakati mwingine anadhani watu wanamwekea sumu nilikuwa nimempa ushahidi. Usifanye hivyo. Kama dawa inamtesa, mpeleke akalalamike kwa aliyemwandikia. Kukakamaa shingo na ulimi kuwa mzito baada ya sindano za mwanzo, kwa mfano, kuna kidonge cha kukiondoa, wengi wanakiita Artane. Hatukuambiwa siku ya kwanza, tungeuliza tungeambiwa.

Na uliza hata yale wasiyokuambia. Kituo kimoja cha binafsi kilimpa mke wangu dawa iitwayo valproeti kwa karibu miaka miwili, na hakuna aliyetuuliza kama tunataka mtoto mwingine au tunatumia uzazi gani wa mpango. Klinikal ofisa wa akili ndiye aliyeshtuka. Akatueleza kwamba mtoto 1 hivi katika kila 10 waliokuwa tumboni mama akiimeza huzaliwa na kasoro, na wengine zaidi wanachelewa kujifunza. Akatuonya tusiikate ghafla wenyewe, akaibadilisha taratibu. Alituambia pia kwamba kabamazepini, dawa nyingine inayotumika sana kwa ugonjwa huu, inaweza kuidhoofisha nguvu ya vidonge vya uzazi na ya kijiti cha mkononi. Mume na mke wanapaswa kuyasikia mambo haya wakiwa wamekaa pamoja kwenye kiti kile cha mbao. Mimi sasa huingia naye, akikubali.

Alihamia kwenye lithiamu. Imemfaa, lakini ina adabu zake: damu ipimwe, figo zipimwe, maji yanywewe. Siku moja aliumwa mgongo, nikapita duka la dawa nikanunua diklofenaki, kama tunavyonunua wote, bila karatasi. Siku ya tatu akawa anatetemeka, anahara, anayumba kama mlevi. Ile dawa ya maumivu ilikuwa inazuia figo zisitoe lithiamu, ikarundikana mwilini. Alitundikiwa maji, akapona. Tangu siku hiyo maumivu ni parasetamoli tu, na akiharisha au akipata malaria napiga simu kwanza kabla ya kitu kingine.

Mwaka 2020 ulipokuja, usafiri wa umma ulisimamishwa mwezi wa tatu, na siku chache baadaye magari binafsi nayo. Kafyu ikawa saa moja jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na gari la mgonjwa lilihitaji ruhusa ya RDC, mwakilishi wa rais wilayani. Vidonge vilibaki vya siku nane. Niliendesha baiskeli kutoka Bombo hadi Kampala, kilomita 35 hivi, nikanunua vya miezi miwili kwa pesa ya kuuza viti. Ndiyo, vile vile viti. Viti sitini vilitulisha mwaka huo, maana shule zilifungwa na hazikufunguliwa kwa wote hadi Januari 2022, na mwalimu wa shule ya binafsi halipwi kwa kukaa nyumbani. Mke wangu huwa anasema yeye ndiye aliyeona mbele. Sina jibu. Lakini tangu siku hiyo hatuachi akiba ya dawa ishuke chini ya wiki tatu.

Kama uko Arua, Gulu, Mbale, Masaka au Mbarara, hospitali za rufaa za huko zina vitengo vya akili, huna haja ya kuanza na safari ya Kampala. Na kuna Mental Health Uganda, chama cha wagonjwa na ndugu zao kilichoanzishwa mwaka 1997. Kukaa na mume mwingine aliyewahi kushika miguu kulinisaidia kuliko vitabu. Sheria ya afya ya akili nayo imebadilika: ile ya 2018 imechukua nafasi ya sheria iliyotokana na enzi za ukoloni, na imeweka utaratibu wa kumpokea mtu katika dharura. Kamba haimo.

Dada zangu ambao mgonjwa ni mume, mna jambo la ziada. Mwanamume akipanda anauza kiwanja. Sheria ya Ardhi ya 1998 inataka ridhaa ya mwenzi kabla ardhi ya familia haijauzwa, na inakuruhusu kuweka kaveti, yaani zuio, kwenye ofisi ya ardhi. Weka mapema, yeye akiwa mzima, na umwambie. Na kama anakupiga, awe mgonjwa au mzima, chukua watoto uondoke usiku huo. Matibabu yake yanaweza kupangwa ukiwa kwa mama yako.

Kuhusu kushuka nitasema kidogo, kwa sababu aya alizofuta zilikuwa za hapa. Analala mno, masaa kumi na nne, na daftari linaonekana zuri kwa mtu asiyejua kulisoma. Haogi. Anasema watoto wangekuwa heri bila yeye. Zamani nikisikia hivyo nilibadilisha mada, nikihofia kwamba nikilitaja neno lenyewe nitalipandikiza. Sivyo. Muulize waziwazi kama anafikiria kufa. Kumuuliza hakumpi wazo, kunampa mtu wa kumwambia. Dawa za kunyunyizia nyanya tulizitoa nyumbani kabisa, vidonge vyote viko kwenye sanduku langu la chaki lenye kufuli, na akijibu ndiyo, hatusubiri kesho.

Na sasa lile la "oa mwingine". Nimeambiwa na mama yangu, na wazee wa msikitini, na hata na mama mkwe, kwa upole, akilia. Dini inaniruhusu, mshahara hauniruhusu, lakini acha nisijifiche nyuma ya mshahara. Mwaka 2017 nilikubali. Nilifika hadi kwenda kumwona mwanamke, mjane, mtu mwema, huko Wobulenzi. Tulikunywa chai. Akaniuliza mke wangu anaendeleaje, nikaanza kumweleza, na nikaeleza kwa saa nzima, kupika kwake, mzaha wake, jinsi anavyosoma magazeti kutoka nyuma. Yule mama akaniwekea kikombe cha pili akasema, "Baba, wewe hukuja kuoa. Umekuja kupumzika." Alikuwa sahihi, na hilo la kupumzika sikuwa nimempa mtu yeyote jina lake. Nikarudi nikamwomba shemeji yangu awe anakaa na dada yake Jumapili mchana. Jumapili mchana mimi niko chini ya mwembe, nacheza bao na wazee, siulizwi chochote. Nafungwa karibu kila mara. Naomba usiniombe niache.

Wapo wanaoondoka, na simhukumu mtu. Nimemwona mwalimu mwenzangu akikaa hadi presha ikamwangusha ubaoni. Hesabu zako zifanye wewe, si sisi.

Binti yetu mkubwa ana miaka kumi na tatu. Juzi, tukiwa tunaosha vyombo, aliniuliza bila kunitazama kama na yeye ataupata. Nikamwambia kweli: mtoto wa mzazi mwenye baipola ana uwezekano mkubwa kuliko watoto wengine, pengine asilimia 5 hadi 10, maana yake wengi sana hawaupati. Akafikiri. Akauliza kama ni kwa sababu ya yale maneno ya amakiro ambayo bibi mmoja aliyasema shuleni. Mke wangu alikuwa mlangoni amesikia yote. Akasema, "Mwanangu, amakiro waliniuliza jina nikawatajia rais. Bado wanamtafuta." Binti alicheka hadi sahani ikamponyoka.

Usiku nilipofungua daftari kuandika nilikuta mtu ameshanitangulia. Amechora safu mpya pembeni kwa rula, kwa mwandiko wake ule wa kulalia kushoto. Juu ameandika "Mume". Chini yake tarehe za siku nne, na mbele ya tarehe ya mwisho: "Masaa manne na nusu, anakoroma. Aangaliwe."